Amplifaya za vali: kwa nini wapiga gitaa bado wanazitafuta, na kwa nini usiifungue ukiikuta

Kila tunapopiga muziki wa magitaa wa zamani kwenye kipindi cha usiku, simu ya studio hupokea ujumbe wenye swali moja kwa maneno tofauti: mbona gitaa la zamani lina sauti nene, kama mtu anayeimba, na mengi ya siku hizi yana sauti kali kama bati? Sehemu ya jibu iko kwenye vidole vya mpigaji na nyingine iko kwa fundi wa studio. Sehemu kubwa, lakini, iko kwenye sanduku ambalo msikilizaji halioni. Sanduku hilo ni amplifaya, mashine inayochukua umeme dhaifu kutoka kwenye gitaa na kuukuza mpaka uweze kusukuma spika.

Zilizotengenezwa miaka ya 1950 na 1960 zilitumia vali. Leo kuna watu Marekani, Ulaya na Japani wanaolipa maelfu ya dola kwa sanduku moja la aina hiyo, lenye ngozi iliyochanika na kutu kwenye skrubu. Makala haya yanaeleza wanachokitafuta ndani yake. Yanaeleza pia jambo ambalo watu hao wanalijua vizuri na wengi wetu hatulijui: mashine hiyo inaweza kumuua mtu hata ikiwa imechomolewa ukutani.

Kichupa cha kioo kinachowaka

Redio kubwa za mbao za zamani, zile ambazo ukiziwasha unasubiri kidogo kabla hazijaanza kusema, zilifanya kazi kwa vali. Vali ni kichupa cha kioo kilichonyonywa hewa yote. Ndani yake mna vipande vya chuma. Cha katikati hupashwa moto mpaka kinakuwa chekundu, ndiyo maana ukiitazama mashine ya vali kwa nyuma gizani unaona mwanga wa rangi ya chungwa. Chuma hicho kikishapata moto hutoa elektroni, yaani chembe ndogo mno za umeme. Nje yake kuna bamba lenye umeme wa volti mia kadhaa, nalo huzivuta chembe hizo kwa nguvu. Kati ya hivyo viwili kuna kiwavu chembamba, na hapo ndipo kazi yenyewe inapofanyika.

Mkulima wa umwagiliaji ataelewa haraka. Maji ya mfereji mkuu yana nguvu ya kumwangusha mtu, lakini ubao mmoja kwenye mlango wa mfereji, unaoinuliwa kwa mkono, ndio unaoamua yapite kiasi gani. Kiwavu ni ubao huo. Umeme dhaifu wa gitaa huingia kwenye kiwavu ukitikisika kama nyuzi zinavyotikisika, na mkondo mkubwa wa elektroni unaopita hapo hutikisika kwa mtindo ule ule, ila kwa nguvu zaidi. Vali ndogo huanza kazi, vali kubwa huimalizia, kisha transfoma hupeleka nguvu kwenye spika.

Mwingereza John Ambrose Fleming alitengeneza vali ya kwanza mwaka 1904, ikiwa bado haina kiwavu. Mwaka 1906 Mmarekani Lee de Forest akaongeza kipande cha tatu, na kwa miaka 40 na zaidi iliyofuata redio, simu za masafa marefu na sinema zenye sauti vyote vilitegemea vichupa hivyo. Bara letu nalo lina sehemu yake katika historia hiyo. Mwaka 1949, huko Rhodesia ya Kaskazini ambayo leo ni Zambia, ilianza kuuzwa redio ya betri yenye vali nne iliyowekwa ndani ya mwili wa duara wa aluminiamu. Kwa umbo lake ikaitwa redio ya sufuria. Harry Franklin, mkuu wa idara ya habari, ndiye aliyehangaika mpaka kampuni ya Ever Ready ya Uingereza ikakubali kuitengeneza, kwa sababu alitaka redio ambayo mtu wa kijijini asiye na umeme angeweza kuinunua. Bei ilikuwa pauni 5, betri mbali.

Lakini tayari mwishoni mwa mwaka 1947 maabara za Bell huko Marekani zilikuwa zimetoa transista. Ilikuwa ndogo, haikuhitaji kupashwa moto na haikuvunjika ikianguka. Kufikia miaka ya 1970 redio za vali zilikuwa zimekwisha madukani, na hakuna aliyezililia. Redio ya transista unaibeba shambani, ya vali huwezi.

Wapiga gitaa ndio waliokataa kuhama.

Kasoro iliyogeuka kuwa sauti

Wahandisi wa amplifaya za kwanza za gitaa hawakutaka sauti ikwaruze. Walitaka kilichoingia kitoke kile kile, kikiwa kikubwa zaidi. Lakini mashine zao zilikuwa ndogo, kumbi zilikuwa na kelele, na mpiga gitaa aliyetaka asikike juu ya dramu na saksafoni alizungusha kitufe mpaka mwisho. Hapo vali ilizidiwa, na sauti ikaanza kukoroma.

Hadithi inayosimuliwa zaidi ni ya mwaka 1951. Bendi ya Ike Turner ilikuwa safarini kutoka Mississippi kwenda Memphis kurekodi wimbo "Rocket 88", ulioimbwa na Jackie Brenston. Njiani amplifaya ya mpiga gitaa Willie Kizart ikaharibika. Wengine husema ilianguka kutoka juu ya gari, wengine husema ilinyeshewa. Studio haikuwa na nyingine, hivyo Sam Phillips, mwenye studio, akajaza karatasi kwenye spika iliyochanika na kazi ikaendelea. Ile sauti ya mkwaruzo ikaingia kwenye sahani, na wimbo ukashika namba moja kwenye chati ya muziki wa rhythm and blues.

Baada ya hapo watu wakaanza kuharibu kwa makusudi. Link Wray alitoboa spika zake kwa penseli ili apate sauti ya wimbo wake wa mwaka 1958, "Rumble". Dave Davies wa bendi ya The Kinks, akiwa kijana wa miaka 17, alikata spika ya kiamplifaya kidogo kwa wembe, na sauti hiyo ndiyo unayoisikia katika "You Really Got Me" wa mwaka 1964. Ukiwa na bando la kutosha, sikiliza hizo nyimbo tatu kwa mpangilio wa miaka. Utasikia kasoro ikigeuka kuwa mtindo.

Kwa nini mkwaruzo wa vali unapendeza na wa redio mbovu unaudhi? Sauti ya uzi wa gitaa husafiri kama wimbi, ikipanda na kushuka. Transista za mwanzo zikizidiwa zilikata kilele cha wimbi ghafla, kama panga linavyokata mgomba. Vali hukikandamiza kidogo kidogo, kilele kinakuwa cha mviringo. Sikio husikia mkato wa ghafla kama kelele kavu, lakini ule mviringo hulisikika kama sauti iliyoongezewa unene. Aidha vali haizidiwi yote kwa mara moja. Ukigusa uzi taratibu sauti hutoka safi, ukiupiga kwa nguvu hukoroma. Mpigaji anaweza kuongoza mkwaruzo kwa mkono wake bila kugusa kitufe chochote, na ukiwauliza wapigaji wenyewe, wengi watakuambia hilo ndilo wanalolipia.

Kuna kitu kingine wanachokiita kulegea. Katika mashine nyingi za zamani hata kazi ya kugeuza umeme wa ukutani ilifanywa na vali. Mpigaji akipiga kwa ghafla na kwa nguvu, vali hiyo huchelewa kutoa umeme wa kutosha, sauti inazama kidogo halafu inapanda. Kwenye hesabu za mhandisi hiyo ni hitilafu. Mkononi mwa mpigaji, ni kama mashine inavuta pumzi pamoja naye. Nayo spika ya gitaa haitoi sauti nyembamba sana za juu, kwa hiyo ukali mwingi wa mkwaruzo hubaki humo humo sandukuni. Kwa maoni yangu spika inasahauliwa mno katika mazungumzo haya. Watu hubishana juu ya vali usiku kucha na spika imechoka.

Fundi redio wa Fullerton na mwalimu wa dramu wa London

Leo Fender hakujua kupiga gitaa. Alikuwa fundi redio, na mwaka 1938 alifungua duka la kutengeneza redio katika mji wa Fullerton, California. Wanamuziki walimletea vifaa vyao vilivyokufa, naye akaanza kuona vilikuwa vinakufa kwa sababu gani. Kutoka hapo akaanza kutengeneza vya kwake: masanduku imara, nyaya zilizopangwa kwa namna ambayo fundi yeyote angeweza kuzifikia, na vali za kawaida ambazo wakati huo zilipatikana kirahisi. Ukifungua mashine ya Fender ya miaka ya 1950 unaona kazi ya mtu aliyewahi kulaani kazi za watengenezaji wengine akiwa na chuma cha lehemu mkononi.

Mwaka 1951 alitoa gitaa la besi la umeme, Precision Bass. Besi hiyo ilihitaji amplifaya yake, kwa hiyo mwaka 1952 ikaja Bassman. Ya kwanza ilikuwa na spika moja ya inchi 15. Baadaye Fender akabadili akaweka spika nne za inchi 10, na mashine ya miaka ya 1958 hadi 1960, ambayo mafundi huijua kwa namba 5F6-A, ndiyo iliyoweka jina la Bassman kwenye historia.

Cha kushangaza, wapiga besi hawakuifaidi sana. Sanduku lilikuwa wazi kwa nyuma, na spika za inchi 10 zilipopewa noti nzito za besi kwa sauti ya juu zilianza kulalamika. Wapiga gitaa wakaichomeka, wakapandisha sauti, wakakuta kila kitu walichokuwa wanakitafuta. Mashine iliyotengenezwa kwa ajili ya besi ikawa ya gitaa, na hakuna aliyepanga iwe hivyo.

Sasa tuvuke bahari twende London. Jim Marshall alikuwa mpiga dramu na mwalimu wa dramu. Mwaka 1960 alifungua duka la vyombo vya muziki Hanwell, magharibi mwa jiji. Vijana waliokuja dukani walitaka amplifaya za Fender, lakini bidhaa za Marekani ziliuzwa ghali sana Uingereza wakati huo. Marshall alikuwa na fundi, Ken Bran, na kijana mwingine hodari wa elektroniki, Dudley Craven. Wakachukua Bassman, wakafuata mpango wake wa nyaya karibu hatua kwa hatua, wakatumia vipuri vilivyopatikana Uingereza. Mwaka 1962 ikazaliwa JTM45.

Ilikuwa nakala, lakini haikutoa sauti ile ile. Vali ya kwanza ilibadilishwa na nyingine inayokuza zaidi, ECC83, ambayo Wamarekani huiita 12AX7, hivyo mashine iliingia kwenye mkwaruzo mapema zaidi. Transfoma zilikuwa za Kiingereza. Spika ziliwekwa nne za inchi 12 ndani ya sanduku lililofungwa nyuma, badala ya nne za inchi 10 kwenye sanduku lililo wazi. Mabadiliko hayo machache yalitosha kutoa sauti nzito zaidi na yenye hasira. Ukifikiria, muziki wa roki wa Uingereza ulitokana na mafundi waliolazimika kutumia vipuri vya nyumbani kwa sababu vya kuagiza vilikuwa ghali. Fundi yeyote wa huku ataielewa hali hiyo.

Mwaka 1965 Pete Townshend na John Entwistle wa bendi ya The Who walitaka kelele zaidi, na Marshall akatoa mashine ya wati 100. Mwaka 1966 Eric Clapton aliingia studio na John Mayall, akawasha Marshall yake kwa sauti ile ile aliyotumia ukumbini, akakataa kuipunguza. Mafundi wa kurekodi walikuwa wamezoea wapiga gitaa kupiga polepole studioni, lakini mwisho walirekodi alivyotaka. Mteja mwingine aliyelipatia jina la Marshall umaarufu alikuwa Jimi Hendrix. Kwa bahati tu, jina lake kamili lilikuwa James Marshall Hendrix.

Wakati huo huo kampuni ya Vox, ya huko huko Uingereza, ilikuwa na AC30 yake iliyobuniwa na Dick Denney, wati 30, spika mbili za inchi 12. The Beatles nao waliitumia. Sauti yake ni ya kung'ara, ina mlio wa kengele juu yake, na haikoromi kwa uzito wa Marshall. Ukisikia gitaa safi linalometameta kwenye rekodi za Waingereza za mwanzo wa miaka ya 1960, weka dau kwamba ni hiyo.

Fender mwenyewe aliuza kampuni yake kwa shirika la CBS mwezi Januari 1965 kwa dola milioni 13. Wakusanyaji wa leo hutenganisha mashine za kabla na za baada ya mauzo hayo kama watu wanavyotenganisha kahawa ya daraja la kwanza na la pili. Nadhani wanatia chumvi. Nyingi za miaka miwili mitatu iliyofuata zilitengenezwa na mikono ile ile kwa vipuri vile vile.

Besi ilitaka nguvu zaidi

Sikio la binadamu ni zito kwa sauti za chini. Ili besi isikike sawa na gitaa, inahitaji nguvu nyingi zaidi, na hilo lilisumbua watengenezaji kwa miaka mingi.

Kampuni ya Ampeg ya Marekani ilianzishwa na mpiga besi, Everett Hull, aliyependa jazi na aliyeuchukia mkwaruzo. Mwaka 1960 kampuni hiyo ilitoa B-15, maarufu kama Portaflex, iliyobuniwa na Jess Oliver. Sehemu yenye vali iligeuzwa ikaingia ndani ya sanduku la spika wakati wa kubeba, na kugeuzwa tena ikakaa juu wakati wa kupiga. James Jamerson, mpiga besi aliyesikika kwenye nyimbo nyingi za Motown, alikuwa mmoja wa watumiaji wake. Sauti yake ni ya mviringo na imetulia, unaihisi kifuani kabla ya kuisikia.

Lakini viwanja vya michezo vilipoanza kujaa watu, wati chache hazikutosha. Mwaka 1969 Ampeg ikaleta SVT: wati 300, vali 14, uzito wa karibu kilo 40 bila spika. Sanduku la spika zake, nane za inchi 10, lilihitaji watu wawili wenye mgongo mzuri. The Rolling Stones walizitumia katika ziara yao ya Marekani mwaka huo huo. Mpaka leo sauti ya SVT ndiyo kipimo ambacho wapiga besi wengi wa roki hukitumia kupima nyingine zote.

Je, transista ni mbaya?

Hapana. Roland JC-120, iliyotoka Japani mwaka 1975, haina vali hata moja na inasifiwa dunia nzima kwa sauti yake safi. B.B. King, ambaye hakuna anayeweza kumfundisha kitu kuhusu sauti ya gitaa, alitumia kwa miaka mingi Lab Series L5, ambayo ni ya transista. Mpigaji wa rumba au wa dansi, ambaye anataka kila noti isikike peke yake bila kuchafuka, hana sababu ya kulia kwa kukosa Marshall.

Tangu mwaka 1998, kampuni ya Line 6 ilipotoa POD, kidude chekundu chenye umbo la haragwe kinachoiga sauti za mashine za zamani kwa kompyuta, uigaji umeendelea kuwa bora. Leo hata programu ya simu hutoa sauti inayokaribia. Kwenye redio, ikipita kwenye spika yako ya inchi tatu, sidhani kama wewe au mimi tungeitambua tofauti kila mara. Anayeitambua ni mpigaji mwenyewe, kwa sababu mashine inamjibu chini ya vidole. Hiyo ndiyo sababu ya kweli ya mapenzi haya, na ni sababu ya kutosha.

Kifo kilichohifadhiwa ndani ya bati

Hapa naomba usome polepole, hasa kama wewe ni kijana unayejifunza ufundi au una amplifaya ya zamani kwenye stoo ya bendi au ya kwaya.

Amplifaya ya vali hupandisha umeme wa ukutani mpaka volti 400 au 500. Katika SVT hufika karibu volti 700. Umeme huo hukaa kwenye kapasita, mikebe midogo inayofanya kazi kama pipa la maji. Ukizima mashine na kuchomoa waya, pipa halimwagiki lenyewe. Linaweza kubaki limejaa kwa saa nyingi, wakati mwingine siku. Mtu anayefungua bati la chini "kwa kuwa haina umeme" na kugusa mahali pasipofaa anaweza kufa papo hapo. Mafundi wanaozijua hutoa umeme huo kwanza kupitia rezista, hupima kwa mita kuhakikisha, na wengi wao hufanya kazi mkono mmoja ukiwa mfukoni, ili umeme usipate njia ya kupita kifuani kutoka mkono mmoja kwenda mwingine.

Hatari ya pili haihitaji kufungua chochote, na haihusu vali peke yake. Nyuzi za gitaa la umeme huungana na mwili wa chuma wa amplifaya. Mashine nyingi za Marekani za kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 zina waya wa ncha mbili tu, hazina waya wa ardhini, ule ambao mafundi huuita ethi. Hitilafu ikitokea ndani, umeme unaishia kwenye nyuzi, na mpigaji hajui. Anapogusa maikrofoni iliyounganishwa kwingine, mwili wake unakuwa daraja. Mei 3, 1972, huko Swansea, Wales, mpiga gitaa Les Harvey wa bendi ya Stone the Crows alifariki jukwaani mbele ya watazamaji baada ya kugusa maikrofoni huku ameshika gitaa, kwa sababu vifaa havikuwa vimeungwa ardhini ipasavyo. Mwaka 1976 Keith Relf, aliyekuwa mwimbaji wa The Yardbirds, alikufa nyumbani kwake akipiga gitaa la umeme lililokuwa na tatizo kama hilo.

Nimeona kwenye sherehe zaidi ya moja mtu akikata waya wa ethi, au akiivunja ncha ya tatu ya plagi, ili kuondoa mvumo kwenye spika. Mvumo unaondoka kweli. Kinachobaki ni mpigaji aliyesimama juu ya udongo uliolowa, jenereta ikinguruma nyuma ya hema, bila kinga yoyote kati yake na hitilafu. Kama spika zinavuma, badilisha waya wa gitaa, sogeza mashine mbali na transfoma na taa za tyubu, chomeka vifaa vyote kwenye soketi moja yenye ethi. Ethi yenyewe usiiguse. Na ukipiga mdomo kwenye maikrofoni ukahisi kama sisimizi wanakuuma, simamisha muziki hapo hapo.

Umeme wetu na mashine ya Marekani

Umeme wa Marekani ni volti 120, wa Afrika Mashariki ni kati ya 230 na 240. Amplifaya iliyotumwa na ndugu aliyeko ng'ambo ikichomekwa moja kwa moja huku itatoa moshi ndani ya sekunde chache. Inahitaji transfoma ya kushusha umeme yenye uwezo wa kutosha. Za Uingereza mara nyingi hukubali umeme wetu, lakini soma maandishi ya nyuma kwanza, kwa sababu baadhi zina swichi ya kuchagua volti na mtu wa mwisho huenda aliiacha pabaya.

Kwa wanaotegemea sola: vali hula umeme hata mpigaji akiwa amekaa kimya, kwa kuwa lazima zibaki na moto. AC30 inayotoa wati 30 huvuta zaidi ya wati 100. Betri ndogo ya taa za nyumbani haitaifikisha usiku wa manane.

Ipo pia kanuni ambayo wengi hujifunza baada ya hasara: kamwe usiwashe amplifaya ya vali bila kuunganisha spika. Nguvu ikikosa pa kwenda huunguza transfoma ya kutolea sauti, na hicho ndicho kipuri cha bei kubwa kuliko vingi humo ndani.

Vali mpya zinatoka wapi

Vali huchoka kama balbu. Zile kubwa za mwisho, kwa mwanamuziki anayepiga kila wiki, hubadilishwa baada ya mwaka mmoja au michache. Ndogo hudumu zaidi. Viwanda vikubwa vya zamani, kama RCA wa Marekani na Mullard wa Blackburn, Uingereza, viliacha kuzitengeneza. Vilivyobaki vilikuwa hasa mashariki, ambako majeshi yaliendelea kuzitumia kwa muda mrefu. Mwaka 1976 rubani Viktor Belenko alipotoroka na ndege ya kivita ya MiG-25 akatua Japani, wataalamu wa Marekani waliifungua wakakuta vali nyingi kwenye mitambo yake.

Sasa hivi wapiga gitaa wa dunia nzima hutegemea viwanda vichache: kampuni ya JJ ya Slovakia, kiwanda cha Saratov nchini Urusi, na vya China. Mwezi Machi 2022, baada ya Urusi kuvamia Ukraine na kisha kuzuia bidhaa nyingi kutoka nje ya mipaka yake, habari kwamba vali za Saratov zingekosekana zilifanya wanamuziki wakimbilie madukani, na bei zikapanda. Zilianza kupatikana tena baadaye, ila kila mtu alikuwa ameona jinsi uzi unaoshikilia mapenzi haya ulivyo mwembamba.

Ukiikuta moja

Dalili ni rahisi. Sanduku ni zito kuliko ukubwa wake. Ukichungulia nyuma unaona vichupa vya kioo, au soketi za duara zenye matundu manane au tisa mahali vilipokuwa. Mbele huenda pameandikwa Fender, Vox, Marshall, Ampeg, Selmer, Gibson, au jina usilolijua kabisa. Hata hilo usilidharau.

Usiichomeke ili "kujaribu tu". Kapasita zilizokaa miaka 30 bila umeme zimekauka, na kuziwasha ghafla kunaweza kuziharibu pamoja na transfoma. Fundi mwenye vifaa huipandishia umeme polepole. Usibadilishe kitufe, ngozi wala spika kwa ajili ya urembo, maana mnunuzi hulipa zaidi kwa kitu cha asili hata kikiwa kimechakaa. Piga picha mbele, nyuma, na karatasi au namba zilizogongwa kwenye bati, bila kufungua skrubu hata moja. Picha hizo zinamtosha anayezijua kukuambia ni kitu gani, na zitakusaidia pia kumjibu mnunuzi wa vyuma chakavu, ambaye atakupimia kwenye mizani kwa bei ya kilo.